Wauza raketi za padeli, tuwekeeni za kujaribu

Mhariri, naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua niongee kuhusu raketi za padeli, ule mchezo unaofanana na tenisi wa wawili kwa wawili kwenye uwanja wenye kuta za vioo, zile raketi zinauzwa eti ni za nguvu, za watu wa kushambulia, maana naona vijana wanazinunua kwa pupa na mimi nilinunua hivyo hivyo, kiwiko kikaniuma miezi mitatu.

Mimi naishi Nakuru na karibu kila Jumamosi napanda matatu alfajiri naenda Nairobi kucheza. Napenda kusimama upande wa kushoto, mpira ukipaa tu niko chini yake nausubiri. Sasa mtu kama mimi akiingia dukani anapewa moja kwa moja raketi ya umbo la almasi, kaboni ngumu, uzito wote umelalia kichwani, anaambiwa hii ndiyo yako. Hakuna wa kumuuliza amecheza muda gani, bega liko aje, katika smashi kumi, yaani mipira ya kupigwa kwa nguvu juu ya kichwa, ni ngapi zinatoka safi. Yangu ilikuwa Sh32,000 na gramu 375, nikaibeba kwa furaha kweli kweli, na wiki ya pili nilikuwa siwezi kuinua sufuria ya chai bila kukunja uso.

Hiyo raketi ya almasi ni pana huku juu, kwa hivyo pale panapopiga vizuri pako karibu na ncha na ni padogo. Ukiupata mpira hapo, mkono umenyooka juu ya kichwa, unasikia mlio wenyewe, mpira unadunda upande wa wenzako halafu unapita juu ya ukuta wa nyuma, mita 4 hizo, na hakuna wa kuurudisha. Raha yake siwezi kuikana. Lakini ukikosea hata kwa vidole viwili mtikisiko wote unashuka kwenye kiwiko, na ukisukumwa nyuma kwenye kioo ukatakiwa kuokoa mpira wa chini umeinama, kile kichwa kizito kinachelewa na pointi imeenda.

Halafu kuna hili la mwinuko, na hapa ndipo nataka wachezaji wa Bonde la Ufa wanisikie vizuri. Nakuru tuko kama mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, Nairobi nayo inakaribia 1,800, hewa ni nyepesi na mpira unakimbia wenyewe. Mtu wa Barcelona pale kando ya bahari anahitaji raketi imsaidie kusukuma mpira kuliko sisi. Sisi shida yetu mara nyingi ni kuuzuia usigonge kioo cha wenzetu moja kwa moja bila kudunda, na bado tunaongezewa nguvu juu ya nguvu. Kisumu ni chini kidogo, kama mita 1,130, lakini kule kuna joto, na ile sponji ya ndani wanayoiita EVA hulainika kwa joto, sasa rafiki yangu wa huko alikuwa anaacha raketi kwenye buti ya gari mchana kutwa halafu jioni anashangaa mbona haina makali. Usiiache kwa gari, ndugu yangu, iingize ndani.

Watu wananiambia basi wewe umeacha kushambulia. Hapana. Mwangalieni Agustín Tapia, ambaye pamoja na Arturo Coello walifika namba moja duniani mwaka 2023, anacheza kushoto, smashi zake kila mtu anazijua, na raketi ya Nox AT10 aliyokuwa nayo wakati huo ilikuwa ya umbo la tone la maji, sio almasi. Mimi sasa natumia ya tone, gramu 362, sponji si ngumu sana si laini sana, na mipira yangu inayodunda kwa wenzangu ikapita juu ya ukuta wa nyuma imeongezeka kwa sababu naipata katikati mara nyingi. Ukishacheza mwaka hivi, bega lina nguvu na unapiga juu bila kukosa kosa, ingia kwenye almasi, mimi mwenyewe bado nina hamu ya kurudi huko siku moja.

Ombi langu kwa wenye maduka na wenye viwanja ni hili. Wekeni raketi mbili tatu za kujaribu, hata kwa malipo kidogo, mtu apige nusu saa kabla ya kutoa pesa ya karo ya mtoto. Na muwe na mizani ndogo kama ya jikoni, kwa sababu raketi nyingi zimeandikwa gramu 360 hadi 375 na hizo 15 za katikati mkono unazijua ukifika seti ya tatu. Mkikosa mizani basi mruhusuni mteja ailaze raketi juu ya kidole kimoja aone inaangukia upande gani, kichwani au mkononi. Mimi niliponunua yangu nilikatazwa hata kuitoa kwenye nailoni.

Mcheza padeli,
Nakuru