Mke wa Jack Bauer hakwenda kwao kusalimia

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wako wa barua. Wiki mbili zilizopita mwandishi wenu wa safu ya burudani aliandika kwamba anayetunza maboksi ya DVD za tamthilia siku hizi anafuga mende tu, maana kila kitu kipo kwenye simu. Akazitaja hasa tamthilia za kijasusi: ukishamjua msaliti, unarudia ya nini? Mimi ni fundi redio hapa Majengo, Dodoma, na kabla ya hapo, tangu 2006 hadi 2011, nilikuwa na kibanda umiza, yaani banda la kuonyesha video, Chang'ombe. Ninalo boksi moja la hayo anayoyasema. Pia kuna watu kama sitini ninaodaiwa nao ukweli. Mambo hayo mawili yamefungamana, nivumilie.

Tamthilia yenyewe ni 24. Sisi tuliita Twenti Foo, na watoto waliita Jack Bauer basi, kama vile hakuna mwigizaji mwingine humo. Ilianza kuonyeshwa Marekani tarehe 6 Novemba 2001. Kila msimu kati ya minane ya mwanzo una sehemu 24, kila sehemu ni saa moja ya siku ileile, na saa inaonekana kwenye kioo ikihesabu sekunde. Jack ni mtu wa kitengo cha kupambana na ugaidi kule Los Angeles. Msimu wa kwanza unaanza saa sita usiku wa kuamkia kura za mchujo za California: kuna watu wanataka kumuua seneta mweusi anayegombea urais, David Palmer, na usiku huohuo binti wa Jack ametoroka nyumbani. (Obama alipogombea 2008, kibandani kwangu hakuna aliyeshangaa. Walisema Palmer amebadilisha jina.)

Saa hiyo ya kwenye kioo ilinitoa jasho. Kwanza ni ya Kizungu. Inaandika 6:00, wateja wangu wanaona sita, na nje kwenye picha kunapambazuka. Ikabidi nikae na kipaza sauti, kila sehemu ikianza natangaza: "Sasa ni saa kumi na mbili asubuhi, jamani, msichanganyikiwe." Pili, kulikuwa na fundi baiskeli mmoja mwenye saa ya mkononi, mtu wa mahesabu. Siku moja akasimama katikati ya picha akanyoosha mkono kama yuko kwenye mkutano wa kijiji: "Wewe, hii saa moja imekwisha kwa dakika arobaini na tatu. Kumi na saba umezila wewe?" Watu wakaunga mkono. Wakataka wapunguziwe kiingilio, ambacho kilikuwa shilingi 200.

Sikuwa nimezila. Kule kwao sehemu moja ilirushwa kwa saa nzima pamoja na matangazo ya biashara, na saa ya Jack ilikuwa inaendelea kutembea wakati wa matangazo. Kwenye DVD matangazo hayapo ila saa haikurekebishwa, kwa hiyo picha inakatika, inarudi, na dakika nne au tano zimeruka. Siku nzima ya Jack unaimaliza kwa kama saa 17. Fundi baiskeli hakukubali. Hadi leo tukikutana sokoni ananiuliza dakika zake.

Sasa nije kwenye kosa langu. Diski nilizokuwa nazo zilikuwa feki, sitaficha. Zilitoka Dar, msimu mzima umebanwa kwenye diski moja, kava lina picha ya Jack na nyuma yake helikopta ambayo sidhani hata imo. Ukibana picha namna ile, nyuso zinavutika kama mlenda. Mtu akikimbia anaacha mkia. Tulizoea. Wateja walilipa, mama mmoja alikaa mlangoni na ungo wa karanga akiuza huku akichungulia, na kwa siku tano tukala Twenti Foo kuanzia saa kumi jioni.

Siku ya tano ilikuwa Agosti, ule upepo wetu wa Dodoma unapiga mabati na vumbi linapenya kwenye magunia ya ukutani. Mabenchi yamejaa. Saa ya 24. Tumeshajua kwamba Nina, yule mwenzake Jack wa kazini tuliyemwamini kuliko wote, ndiye msaliti. Jack anamtafuta mkewe, Teri. Picha ikaganda. Nusu ya uso wa Jack, nusu viboksi vya kijani. Nikatoa diski, nikaifuta kwa shati, nikairudisha. Viboksi. Nikaipaka dawa ya meno, nikaiosha, nikaikausha, mambo yote ya mafundi. Viboksi vilevile.

Mhariri, watu sitini wanakutazama, na baadhi yao wameshika benchi kwa namna isiyo ya kukalia. Nikachukua kipaza sauti. Nikasema mimi nilishaiona mwenyewe usiku kwa kuijaribu (uongo), na kwamba Jack aliwahi, akamkuta mkewe hai, wakakumbatiana, binti akiwa katikati yao. Nikaongeza na machozi kidogo. Kibanda kizima kilipiga makofi. Yule mama wa karanga alifurahi mpaka akagawa zilizobaki bure.

Msimu wa pili ukaja. Jack ana ndevu, amenyong'onyea, binti yake hataki kumsogelea. Kiingereza changu si cha kupeleka Umoja wa Mataifa lakini kilitosha: mke alishakufa. Watu wakaanza. "Mkewe yuko wapi?" Nikajibu amekwenda kwao kusalimia. Msimu wa tatu wakauliza tena, na fundi baiskeli, kwa sababu ni yeye, akauliza kwao ni wapi huko ambako mtu anasalimia miaka mitatu. Nikasema mbali.

Sikuwahi kusahihisha. Tukaendelea mpaka ule msimu wa saba wa 2009 wenye nchi ya Kiafrika iitwayo Sangala, ambayo haipo kwenye ramani yoyote, na jenerali wake mbaya anaitwa Juma. Kibandani walicheka mpaka nikapunguza sauti. Mmoja akauliza, "Sangala au sangara? Basi hiyo nchi iko Mwanza." Walichonikumbusha siku ile ni kwamba watu wetu hawakuwa wanatazama kama mbumbumbu. Walijua wapi wanatafutiwa hofu na wapi wanadanganywa. Isipokuwa na mimi.

Mwaka jana nikapita pale Sabasaba kwenye mitumba, kwa jamaa mmoja anayeuza vyombo na vitabu vilivyotumika. Chini ya sufuria nikaona boksi la 24, msimu wa kwanza, diski sita, sehemu nne kila diski, maganda yake yote yapo. Akataka elfu kumi, nikamwambia haujui hata ni nini, tukamalizana kwa elfu tano. Nyuma ya boksi kuna alama ya kidunia kidogo yenye namba 1. Nikajua hapo kuna kazi. Namba hiyo maana yake boksi limetengenezwa kuuzwa Marekani na Kanada. Sisi Tanzania tuko kwenye namba 5, na deki inayofuata sheria inaisoma hiyo namba na kuikataa diski. Ninayo deki moja ya kampuni kubwa, ya heshima: ikaandika kosa kwenye kioo na kunitemea diski nje. Nikachukua deki ya Kichina ya elfu thelathini, ambayo haina habari na namba za mtu. Ikaipokea kama mgeni wa harusi.

Lakini picha ikaja nyeusi na nyeupe, tena inapanda juu kama pazia. Hilo nalo ni la kifundi: diski za Wamarekani ni za mfumo wa picha wa NTSC, televisheni yangu ya mgongo ni ya mfumo mwingine, PAL. Nikaingia kwenye mipangilio ya deki, nikaiambia itoe PAL. Picha ikatulia. Na rangi zikaja.

Hapo ndipo ninapompinga mwandishi wenu. Nilikuwa nimeitazama Twenti Foo zaidi ya mara nne, na ilikuwa kama sijaitazama. Niliona kumbe kuna jasho kwenye shingo ya Jack. Kumbe kile chumba chao cha kazi si cheusi, kina bluu. Zile sehemu ambapo kioo kinagawanyika picha tatu au nne kwa pamoja, ambazo kwenye feki zilikuwa uji mtupu, sasa unaona nani anampigia nani simu na yuko na nani pembeni. Na huyo Nina: ukirudia huku unajua, humtazami tena Jack, unamtazama yeye kila anapopokea simu. Kuna mahali yuko peke yake, hakuna wa kumdanganya, na bado ana wasiwasi kama mtu mwema. Mimi naona pale waandishi wenyewe walikuwa hawajaamua. Hilo hulioni mara ya kwanza. Kwa hiyo si kweli kwamba ukimjua msaliti kazi imekwisha, ndiyo kwanza inaanza.

Sisemi boksi halina kasoro. Halina neno hata moja la Kiswahili. Wake kwa waume niliowaalika nyumbani waligawanyika pia. Mke wangu anasema kutazama sehemu nne mfululizo kunaua utamu, bora mtu angesubiri wiki nzima kama Wamarekani walivyosubiri. Shemeji yangu, dereva wa malori, yeye anatazama sehemu nane bila kusimama na anasema hata hizo ni kidogo. Wote walikubaliana kwamba ule upuuzi wa Teri kupoteza kumbukumbu katikati ya siku ni wa kuruka, na kwa rimoti unaruka.

Simu je? Kijana wangu alinionyesha, ndiyo, tamthilia zipo. Ila ikifika saa ya tatu bando limekata. Wenye mtandao wakiamua kuitoa inatoka, wala hawakuombi ruhusa. Na huwezi kumwazima jirani. Boksi langu limeshatembea Makole, Area C, mpaka Kizota, na limerudi. Karibu lote.

Diski ya sita niliitazama peke yangu, usiku. Saa ya 24 ikafika pale ilipogandia, ikapita. Jack anaingia chumbani anamkuta mkewe kwenye kiti, Nina ameshampiga risasi. Anampakata, anaomba radhi. Mwisho. Nilikaa bila kuzima deki. Miaka yote ile nilijua amekufa lakini nilijua kwa kusikia, kama msiba wa mbali.

Kisha, kwa ufundi tu wa kupenda kubonyeza kila kitu, nikaingia kwenye nyongeza za diski. Kuna mwisho mwingine, waliourekodi na hawakuurusha. Nikabonyeza. Teri yuko hai. Jack anakutana naye na binti yao, watatu.

Mhariri, nilisimama. Ule ulikuwa mwisho wangu. Ule wa Chang'ombe, wa kipaza sauti.

Asubuhi yake nilimtafuta yule mama wa karanga. Siku hizi anauza vitumbua karibu na stendi ya daladala. Nikamwambia njoo nyumbani jioni nina jambo. Akaja na mjukuu. Nikamwonyesha kwanza ule wa kweli, nikiwa nimemweleza kila kitu. Hakusema neno, alijifunika kanga mdomoni tu. Kisha nikamwonyesha wa pili. Akacheka, akanitazama muda mrefu, akasema, "Kumbe huu wako. Uliwaandikia barua Marekani?" Nikamuuliza upi bora. Akasema wa kwanza ndio wenyewe, kwa sababu mwanamume hawezi kuacha nyumba siku nzima namna ile akakuta kila kitu kiko palepale, lakini wa pili ndio aliolalia usingizi miaka yote hii na hataki kuurudisha. Kisha akakumbuka jambo. Akanidai karanga alizogawa bure siku ile. Tukapiga hesabu ya ungo mzima kwa bei ya leo, nikampa buku tano. Kwa hiyo boksi limenigharimu elfu kumi kama jamaa wa Sabasaba alivyotaka tangu mwanzo.

Waliobaki kati ya wale sitini, mkisoma hapa, basi ndiyo hivyo: alikufa. Nisameheni. Anayetaka kuona miisho yote miwili aje Majengo, aulizie fundi wa deki, na asije Ijumaa mchana.

Na yule kijana wa Nkuhungu aliyeazima diski ya nne tangu Pasaka, airudishe. Hatagombezwa. Ila kuna watu wamemwacha Jack saa sita mchana na hawajui kilichoendelea, na safari hii sitawasimulia.

Fundi Redio,
Majengo, Dodoma