Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya wa Jimbo la Haut-Katanga kuhusu dawa za saratani ya mapafu

Mheshimiwa Waziri,

Mimi ni mfamasia wa hapa Lubumbashi, katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Nakuandikia kuhusu ombi la kutaka fedha za umma zilipie dawa za kuamsha kinga ya mwili, zitolewe pamoja na tibakemikali kwa wagonjwa wa saratani ya mapafu iliyokwisha kusambaa.

Kwa upande wa utabibu, wanaoomba wana hoja nzito. Katika jaribio la KEYNOTE-189, ambalo matokeo yake ya kwanza yalichapishwa mwaka 2018, nusu ya waliopewa pembrolizumabu, mojawapo ya dawa hizo za kinga, pamoja na tibakemikali waliishi miezi 22 au zaidi, ilhali nusu ya waliopata tibakemikali peke yake walifariki kabla ya kutimiza miezi 11. Baada ya miaka 5, waliosalia hai walikuwa takriban 19 kwa kila 100 katika kundi la kwanza na 11 katika kundi la pili, ingawa wengi wa kundi la pili walikuja kupewa dawa hiyo au nyingine ya aina yake ugonjwa wao ulipozidi.

Tatizo ni bei. Dozi moja ya miligramu 200, ambayo Marekani imeorodheshwa kwa zaidi ya dola 10,000, hutolewa kila baada ya wiki 3 na inaweza kufika mara 35. Atakayemaliza matibabu yote atakuwa ametumia zaidi ya dola 350,000, katika nchi ambayo pato la mtu mmoja kwa mwaka halifiki dola 1,000. Hata Uingereza, yenye hazina isiyolingana na yetu, iliiruhusu tiba hii ya pamoja kwa matumizi ya kawaida mwaka 2021 tu, baada ya kampuni kukubali kupunguza bei kwa mapatano ya siri.

Sisemi kwamba mgonjwa wa mitaa yetu ya Kenya au Katuba, hapa Lubumbashi, ana thamani ndogo kuliko wa London. Nasema kwamba kwa bei hiyo tungewatibu wachache sana, huku wengine wakikosa hata kipimo cha kuthibitisha ugonjwa. Kwa hiyo naomba tuanze na uchunguzi wa kipande cha nyama kilichokatwa kwenye uvimbe, pamoja na kipimo cha PD-L1 (protini ya kwenye seli inayosaidia kuonyesha nani atanufaika na dawa za kinga), kisha tuhakikishe kwamba karboplatini na paklitakseli, ambazo ni dawa za tibakemikali, na mofini ya kutuliza maumivu hazikosekani.

Mwaka 2025 Shirika la Afya Duniani liliingiza pembrolizumabu, ikitolewa peke yake, katika orodha ya dawa muhimu kwa saratani hii. Njia hiyo inatufaa zaidi kuliko mseto: katika jaribio la KEYNOTE-024, ambalo lilipokea tu wagonjwa ambao angalau nusu ya seli za uvimbe wao zilionyesha PD-L1, waliopewa dawa hiyo peke yake waliishi muda mrefu kuliko waliopewa tibakemikali. Hao ndio wa kutangulizwa bei itakapopatikana.

Bei hiyo jimbo letu haliwezi kuipata likiwa peke yake. Naomba ofisi yako iishawishi serikali kuu ya Kinshasa ijadiliane na wauzaji pamoja na nchi jirani, na isifunge mkataba mrefu sasa, kwa kuwa hataza kuu za dawa hii (haki zinazozuia wengine kuitengeneza) nchini Marekani zinatarajiwa kuanza kumalizika mwaka 2028, na dawa zinazofanana nayo zitaweza kuingia sokoni. Muuzaji akidai bei iwe siri, kama ilivyo desturi yao, walau Bunge la Jimbo lionyeshwe kabla ya saini.

Wako kwa heshima,
Mfamasia, Lubumbashi