Barua ya wazi kwa Gavana wa Nairobi: Maktaba ya Kaloleni ituwekee historia yetu kabla nyumba hazijavunjwa

Mheshimiwa Gavana,

Salamu kutoka Kaloleni, hapa Jogoo Road. Nitaenda moja kwa moja kwa sababu najua barua za aina hii unapata nyingi. Naomba maktaba yetu ya mtaa ipewe kibali na pesa kidogo ya kukusanya historia ya Kaloleni, na shughuli zinazofanyika pale zipangwe na sisi wenyeji, na hiyo kazi ianze mapema kabla nyumba hizi hazijavunjwa.

Hiyo ya kuvunjwa sijaitoa hewani. Mipango ya kujenga upya mitaa ya zamani ya Eastlands imezungumzwa miaka mingi na sisi tuko kwa orodha pamoja na majirani kina Makongeni, Maringo na Jericho. Sipingi nyumba mpya, watu wamebanana sana huku, nyumba iliyojengwa miaka ya 40 kwa familia moja leo imeongezwa vyumba vya mabati mbele na nyuma mpaka uwanja umeisha. Ila mtaa ukishajengwa upya ghorofa kumi juu, nani ataambia mtoto anayezaliwa huko juu kwamba hapa palikuwa na nini?

Na hapa palikuwa na mambo Mheshimiwa. Tarehe 23 Aprili 1950, kwenye ukumbi wetu wa Kaloleni, Makhan Singh, kiongozi wa vyama vya wafanyakazi, alisimama kwa mkutano wa hadhara akataka uhuru kamili wa nchi za Afrika Mashariki. 1950! Wakati huo hata kulitamka neno hilo hadharani kulikuwa hatari, na kweli kabla mwezi mmoja haujapita yeye na mwenzake wa vyama vya wafanyakazi Fred Kubai wakakamatwa, wafanyakazi wa Nairobi wakagoma, na Makhan Singh hakuachiliwa mpaka 1961. Sasa uliza kijana yeyote anayecheza mpira nje ya huo ukumbi kama amewahi kusikia hilo jina. Sio makosa yake, hakuna mahali pameandikwa, na shuleni wanafundishwa ya kesi ya kina Kenyatta kule Kapenguria lakini ya hapa mlangoni kwao hawafundishwi.

Ndio nasema maktaba. 23 Aprili ni siku ambayo dunia nzima inaadhimisha vitabu, kwa hivyo tarehe tayari tunayo, hatuhitaji kutafuta nyingine. Kila mwaka siku hiyo maktaba ifungue milango, wazee wakae mbele, vijana waulize maswali, mtu asome yale madai ya uhuru ya 1950 kwa sauti, watoto wachore, jioni watu waimbe. Hiyo ni sherehe ya mtaa kabisa na haihitaji hema la VIP.

Lakini kitu kinachoniuma zaidi ni hiki. Wewe unajua vile msiba hufanyika huku kwetu, tunakutana jioni, tunachanga, basi linapatikana, na mzee anarudishwa ushago, Siaya, Kakamega, Machakos, popote. Akienda anaenda na kila kitu, alibamu za picha, barua za kazi, kadi ya chama, jezi ya timu aliyochezea, na zile hadithi za nani alikuwa jirani ya nani. Hata wale walio hai wakistaafu wanafungasha wanaenda. Kwa hivyo Kaloleni kila mwaka inapoteza kumbukumbu zake kwa barabara ya Nakuru na ya Mombasa na hakuna anayebaki na hata nakala. Skana moja na kijana mmoja anayejua kuitumia, na meza kwa maktaba kila Jumamosi, mtu analeta picha zake zinapigwa nakala anarudi nazo nyumbani siku hiyohiyo, halafu anakaa kidogo anarekodiwa akieleza hao kwa picha ni kina nani. Kwa lugha yoyote anayotaka, Kijaluo, Kiluhya, Kikamba, Kiswahili. Hiyo ndio kazi yote ninayoomba ianze.

Jengo lenyewe tunalo tayari. Shirika la Book Bunk kwa kushirikiana na kaunti walilikarabati pamoja na ile ya Makadara, na tunawashukuru sana, maana watoto wetu sasa wana mahali pa kufanyia homuwaki penye taa na meza, nyumbani utafanyia wapi na mko sita kwa chumba. Na hizi maktaba mbili ni matawi ya McMillan pale mjini, maktaba iliyofunguliwa 1931 ikiwa ya wazungu peke yao na Mwafrika hakuruhusiwa kuingia kusoma. McMillan ina sheria yake ya bunge inayoilinda tangu 1938, ina magazeti ya zamani yamejaa. Ni vizuri, yatunzwe. Lakini humo utapata maisha ya Nairobi vile yalivyoonekana na wenye magazeti ya wakati huo. Maisha ya mfanyakazi wa reli aliyelala Kaloleni utayapata kwa nani kama si kwa mjukuu wake anayeishi hapa bado?

Kuhusu nani apange shughuli, naomba kuwe na kamati ndogo ya wakaazi, kina mama wa vyama, vijana wa mpira, walimu, wazee, ikae na mkutubi kila mwezi. Watu wa mtaa wanajua mwezi gani karo inabana na hakuna atakayekuja, wanajua siku ya mechi pale City Stadium usipange kitu. Na saa za kazi za kawaida hazimfai mtu anayetoka Industrial Area jioni kwa miguu, huyo akumbukwe, awekewe jioni mbili kwa wiki na Jumapili mchana.

Pesa najua ndio utauliza. Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, imetaja maktaba kwa jina kati ya kazi za kaunti, kwa hivyo hatuombi msaada, tunaomba laini yetu kwa bajeti. Iandikwe tu: Maktaba ya Kaloleni, historia ya mtaa na shughuli za wakaazi. Kikao cha maoni ya wananchi kuhusu bajeti kikiitwa tutakuja, na tutakuja wengi, na wazee watakuja na zile alibamu zao mkononi mzione.

Nakala ya barua hii nampelekea MCA wetu, mwakilishi wa wadi. Tungependa jibu mapema ili 23 Aprili ijayo itukute tumejipanga.

Wako,
Mkaazi, mzaliwa wa Kaloleni