Jicho lina uvimbe na presha imepanda: nikubali upasuaji upi?

Shikamoo daktari. Mimi ni fundi cherehani hapa Morogoro, nina miaka 36. Jicho langu la kushoto linasumbuliwa na uveitisi, ule uvimbe wa ndani unaokuja na kuondoka. Ukianza, jicho linakuwa jekundu, linauma hadi kwenye paji, na taa ya cherehani siwezi kuitazama. Nikiweka matone ya prednisoloni linatulia.

Sasa presha ya jicho imefika 38, na nimeambiwa kawaida haizidi 21. Uvimbe unaziba njia ya kutolea maji ya jicho, na matone hayohayo ya steroidi nayo yanaweza kupandisha presha. Nikiyaacha jicho linawaka, nikiendelea presha haishuki.

Kushusha presha natumia matone ya timolo na vidonge vya asetazolamaidi. Vidonge hivyo, daktari, vinanitia ganzi vidoleni: sindano naiona lakini siisikii mkononi. Hata soda imekuwa na ladha ya chuma. Ningevumilia, ila kipimo cha mwisho kimeonyesha mshipa wa fahamu wa jicho umeanza kuharibika, na upande wa pua sioni vizuri.

Daktari wa kwanza anataka kunifanyia trabekulektomi, anifungulie kinjia chini ya kope la juu maji yapite. Wa pili anasema kwenye jicho lenye uvimbe kovu huziba kinjia hicho upesi, hata kikipakwa maitomaisini, dawa ya kuzuia kovu. Yeye anapendelea kuniwekea mrija wa kutolea maji wenye vali ya Ahmed, kilango cha kuyazuia yasitoke kupita kiasi. Leza ya kuunguza sehemu inayotengeneza maji wote wawili wameikwepa, wakihofia kuamsha uvimbe na presha kuporomoka kupita kiasi.

Wanachokubaliana ni kwamba jicho litulie kwanza, ikiwezekana miezi mitatu. Ndipo ninapokwama. Kwa presha hii, mshipa utanisubiri? Na mrija unaagizwa, fedha natoa mfukoni. Je, ni kweli baada ya muda nyama huweza kuuzunguka nikarudi kwenye matone?

Jingine: nimeandikiwa methotreksati ya kutuliza uvimbe, na mimi na mume wangu tulikuwa tunatafuta mtoto wa tatu. Nasikia dawa hiyo haiendi na mimba. Ipo nyingine ya kuomba, au mtoto asubiri hadi jicho lipasuliwe?

Fundi, Morogoro