Miwani haimzuii mtu kuwa rubani

Ndugu Mhariri,

Makala za kuwaelekeza vijana kwenye taaluma hazikosi mstari unaosema rubani sharti awe na macho yasiyohitaji miwani. Mstari huo si wa kweli, na unaumiza, kwa sababu anayeusoma ni kijana wa miaka 15 mwenye miwani usoni, ambaye huenda akaacha kuhangaika na fizikia kuanzia siku hiyo. Naomba nafasi nieleze sharti lenyewe lilivyo, na mahali ambapo watu hukwama kweli.

Kanuni za msingi hutoka ICAO, shirika la Umoja wa Mataifa linalosimamia usafiri wa anga, kwenye Kiambatisho cha Kwanza cha Mkataba wa Chicago wa 1944. Kila nchi hutunga zake juu ya hizo, na nyingine hukaza zaidi. Anayetaka kurusha ndege kwa malipo huhitaji cheti cha afya cha daraja la kwanza. Hapo kila jicho likipimwa peke yake lifikie walau 6/9, na yote mawili kwa pamoja 6/6. Kwa rubani wa shughuli binafsi, daraja la pili, ni 6/12 kwa kila jicho na 6/9 kwa yote mawili. Kusema 6/9 ni kusema kwamba ukiwa mita 6 unasoma herufi ambayo jicho la kawaida huisoma kutoka mita 9. Maneno yanayosahaulika ni haya: vipimo hivyo hufikiwa kwa miwani au bila miwani.

Mwenye miwani huandikiwa kwenye cheti kwamba aivae muda wote anaporusha, na awe na nyingine ya akiba pale anapoweza kuifikia kwa mkono. Ikiwa jicho bila miwani ni hafifu kuliko 6/60, yaani hata ile herufi kubwa ya juu kabisa ubaoni haisomeki, mwombaji hudaiwa ripoti kamili ya daktari bingwa wa macho kabla ya cheti cha kwanza, kisha nyingine kila baada ya miaka 5. Udhaifu mkubwa wa kutoona mbali huenda pamoja na retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, iliyovutwa ikawa nyembamba, na retina ya namna hiyo huchanika kwa urahisi.

Wengi huharibu kwenye kuchagua lenzi. Lenzi zinazovaliwa juu ya mboni zinakubalika zikiwa za nguvu moja, zisizo na rangi, na macho yamezizoea. Ule mtindo wa kuweka ya mbali jicho hili na ya karibu jicho lile haukubaliki. Rubani aliyevuka miaka 40 ambaye maandishi ya karibu yameanza kumpotea asivae miwani nzima ya kusomea, kwa kuwa akiinua uso kutazama nje kila kitu kina ukungu. Achukue nusu-miwani, au lenzi ya sehemu mbili, ili chini asome ramani na juu aone njia ya kurukia bila kuvua chochote. Miwani ya jua iwe ya kijivu cha kawaida. Zile za polaroidi, zinazochuja mng'ao, huweza kuzima skrini ya vipimo: ukiinamisha kichwa kidogo tu, kioo kilichokuwa na namba kinageuka cheusi.

Kizingiti kigumu zaidi ni rangi, na hapo miwani haisaidii. Upofu wa rangi nyekundu na kijani hurithiwa kupitia kromosomu ya X, ndiyo maana huwapata wanaume zaidi sana kuliko wanawake. Mwenye nao huona herufi zote za ubaoni vizuri, na anaweza kufika utu uzima bila kujua. Kando ya njia ya kutua mara nyingi huwa na taa nne zilizopangwa mstari mmoja. Mbili nyeupe na mbili nyekundu, ndege iko kwenye mteremko sahihi. Nne nyekundu, iko chini mno. Usiku, kwa asiyetofautisha rangi hizo, zile ni taa nne tu. Julai 2002, Boeing 727 ya mizigo ya FedEx ilianguka kabla ya kufika njia ya kutua huko Tallahassee, Marekani. Waliokuwamo watatu walinusurika. Wachunguzi walitaja kasoro ya kuona rangi ya rubani msaidizi miongoni mwa mambo yaliyochangia, pamoja na uchovu.

Kipimo cha kwanza ni vile vibao vya nukta zenye namba iliyofichika, na hufanywa kwenye mwanga wa mchana au taa yenye rangi inayolingana nao. Chini ya balbu ya manjano jibu haliaminiki, hivyo anayeshindwa kwenye chumba cha namna hiyo ana haki ya kuomba kurudia. Kushindwa vibao si mwisho: kipo kipimo cha pili cha kutambua taa za usafiri wa anga zenyewe. Akishindwa na hicho, daraja la kwanza halipo. La pili laweza kutolewa kwa kurusha mchana tu. Kuvaa lenzi za rangi ili kupita vibao hakukubaliki.

Masikio yasipoteze zaidi ya desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 35 kwenye sauti za hezi (kipimo cha wembamba wa sauti) 500, 1000 na 2000, wala zaidi ya 50 kwenye hezi 3000. Nta iliyoziba sikio, au muziki wa sauti kubwa usiku wa kuamkia kipimo, humwangusha mtu mwenye masikio mazima. Moyo hupimwa kwa ECG, kipimo cha umeme wa moyo. Shinikizo la damu hupanda kwa woga tu, kwa hiyo fika mapema, keti, na kahawa iache. Historia ya kifafa ni kikwazo kikubwa. Kuificha ni kosa kubwa zaidi, maana tamko la uongo hubatilisha cheti hata miaka mingi baadaye.

Sasa utaratibu, ambao naona ndio unaogharimu familia fedha nyingi. Watu hulipa ada ya chuo kwanza, kisha wakapime. Geuzeni. Mwezi mmoja au miwili kabla, nenda kwa mtaalamu wa macho, ubadilishe miwani kama nguvu imepungua, na uombe hapo hapo vibao vya rangi. Ni kazi ya dakika chache. Baada ya hapo mwone daktari aliyeidhinishwa na mamlaka ya anga, cheti cha hospitali yoyote hakitoshi. Omba daraja la kwanza moja kwa moja hata kama mafunzo ya awali yanahitaji la pili tu, kwani hakuna faida kugundua tatizo ukiwa na saa 150 angani. Nenda na miwani zote mbili, na makaratasi ya upasuaji wowote wa macho. Aliyefanyiwa wa leza hungoja hadi uoni utulie na ithibitike kuwa taa za usiku hazimletei miale, na muda wa kungoja kila mamlaka ina wake.

Anayekataliwa adai sababu kwa maandishi. Neno "hafai" kwenye fomu laweza kuwa la muda, kama shinikizo lisilotibiwa au miwani iliyopitwa, na bila sababu iliyoandikwa hawezi kujua atibu nini wala akate rufaa ya nini.

Msomaji wako