Shukrani kwa aliyetuokolea bando

Jamani kuna mtu sitamtaja jina, mwenyewe kaomba hivyo, ila lazima nimshukuru hadharani. Ile programu ya terminali (dirisha la kuandikia amri kwenye kompyuta) ninayopakulia mafaili, mtandao ukikatika tu inaanza tena toka sifuri, na ukiwa unashusha ISO ya Linux (faili la kusakinishia mfumo huo wa kompyuta) ya GB kadhaa kwa bando la simu hiyo ni hela inaungua. Huyu ndugu hakuishia kuniambia "tumia wget -c" (amri nyingine ya kupakua inayoendelea pale ilipokatika), alikaa akasoma msimbo wa hiyo programu yangu akaona inafuta faili nusu badala ya kuangalia lina baiti ngapi, akaweka heda ya Range (maelezo yanayoenda na ombi kwa seva kutaja kipande kinachotakiwa) iombe kuanzia pale lilipoishia, sasa seva ikijibu 206, yaani inatuma kipande tu, programu inaunganishia mwishoni, ikijibu 200 inaanza upya maana hapo linaletwa faili zima. Kilichonigusa zaidi ni If-Range na ETag (ETag ni alama ya toleo la faili, If-Range inaomba kipande kilichobaki ikiwa tu alama hiyo haijabadilika), yaani faili likibadilika kule kwenye seva usije ukaunganisha vipande visivyoendana, wengi hili wanalisahau kabisa. Akajaribu kwa kukata mtandao makusudi, sha256sum (amri ya kuhakiki kama faili liko sawa na la asili) ikatoka sawasawa. Kaka, Mungu akubariki sana. Na nyie mnaojua haya mambo, mkikuta programu ndogo ina shida kama hii tumeni marekebisho, kuna watu wananunua bando kwa kujibana.