Mwanangu, Usiupige Picha Mlima Saa Sita Mchana

Mwanangu mpendwa,

Natumaini miguu imeshapumzika. Picha za safari yako nimezitazama moja moja, na iliyonifurahisha zaidi ni ile ya wenzako wakikata mteremko wa mawe, wadogo kabisa chini ya mwamba. Hapo ndipo nilipoona ukubwa wa mahali pale. Pasipo mtu au hema ndani ya picha, jicho halina cha kulinganishia, na kilele cha mita 5,000 huonekana kilima tu.

Lakini nyingi umezipiga kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana. Naelewa, ndizo saa mlizokuwa njiani. Tatizo ni kwamba jua likiwa utosini vivuli vinapotea, na vivuli ndivyo vinavyolionyesha jicho bonde lilipo, mwamba ulipopasuka, na mgongo upi wa mlima uko mbele ya mwingine. Unayoyaona kwa macho yako pale juu, kamera inayabana yakawa bapa. Mwanga unaoufaa mlima ni wa ubavuni, jua likiwa chini: ile saa ya kwanza baada ya macheo na ya mwisho kabla ya machweo. Tena uwe tayari hata kabla jua halijachomoza, maana kuna dakika chache ambapo vilele hushika rangi ya waridi huku bondeni bado giza.

Kwa hiyo picha ya alfajiri huanza jioni yake. Mkifika kambini, kabla hujavua viatu, zunguka kidogo. Tazama jua litatokea upande gani, kilele kipi kitalipokea kwanza, kisha tafuta cha kuweka mbele: jiwe lenye madoa ya ukungu unaoota juu ya mawe, kijito, njia inayopinda. Pachague pa kusimama wakati bado kuna mwanga wa kukuonyesha ardhi ilivyo. Alfajiri utakuwa na tochi kichwani na vidole vilivyokufa ganzi, si wakati wa kutangatanga.

Aprili 1927, mpiga picha Mmarekani Ansel Adams alipanda kwenda kuupiga picha mwamba mkubwa wa Half Dome kule Yosemite, Marekani. Picha zake alizinasa kwenye sahani za vioo, na alipofika penyewe alikuwa amebakiwa na mbili. Ya kwanza aliipiga kwa filta ya njano, yaani kioo cha rangi kinachowekwa mbele ya lenzi, kisha akang'amua kuwa anga litatoka hafifu, halitafanana na uzito aliouhisi mbele ya mwamba ule. Akaweka filta nyekundu iliyokolea, akapiga ya mwisho, na anga likatoka karibu jeusi. Wewe una nafasi ya maelfu ya picha kwenye kadi moja. Hata hivyo nakuomba, kabla hujabonyeza, ujiulize alichojiuliza yeye: nataka mlima huu uonekaneje?

Kwenye theluji usiiamini kamera. Ikiona weupe mwingi hudhani mwanga umezidi, inaupunguza, na theluji inatoka ya kijivu. Ongeza mwangaza kwa stopu moja, yaani maradufu, wakati mwingine mpaka mbili, kisha angalia grafu ya mwanga kwenye skrini: ikigonga ukingo wa kulia, mwanga umezidi, punguza kidogo. Safu za milima ya mbali zijaribu kwa lenzi ndefu, ile inayovuta vya mbali, hasa kukiwa na utusitusi; zinapangana moja nyuma ya nyingine, kila moja imefifia kuliko iliyotangulia.

Betri za akiba zikae mfuko wa ndani, karibu na mwili, na usiku ulale nazo. Baridi huzidhoofisha, na betri inayoonekana imekwisha inaweza kukupa picha kadhaa zaidi ikipata joto. Ukitoka kwenye baridi kali kuingia mahali penye joto, ifunge kamera kwanza kwenye mfuko wa plastiki ili unyevu ushike mfuko badala ya lenzi. Iache humo mpaka ipate joto la mahali hapo. Kama una hamu ya kutazama picha, toa kadi kabla hujaifunga.

Na hili nalisema kama mama: usirudi nyuma hata hatua moja jicho likiwa kwenye kamera. Simama, ishushe, tazama unapokanyaga, ndipo usogee. Theluji ya kwenye ukingo wa mgongo wa mlima mara nyingine imening'inia juu ya utupu, na ukiwa juu yake huwezi kujua. Ukibaki nyuma kwa ajili ya mwanga wa jioni, kiongozi wenu ajue, mwenzako mmoja abaki nawe, na kila mmoja awe na tochi yake. Mawingu yakianza kufunga, shukeni, hata kama picha bado.

Safari ijayo nitumie zote, pamoja na ulizozikataa. Nataka kuona ulikuwa ukisogea vipi kabla ya kuipata ile uliyoichagua.

Akupendaye,
Mama